Bekure Dadi, Aliyezifundisha Pampu Kufunga

12 Hidar 1941 – 10 Megabit 2016 (kwa kalenda ya Ethiopia)

Ndugu, majirani, wanachama wenzake wa chama cha kuzikana cha Burka Laman, na ninyi watu wa msikitini mliofika hapa kabla ya wengi wetu: huyu tunayemzika leo Jumatano ni Bekure Dadi. Wengi mlimjua kwa ubishi. Wapo hata waliomwita Bekure Jumatano wakidhani hasikii. Alisikia. Ni haki yake leo msikie ubishi ule ulitoka wapi, kwa sababu jambo alilolibishania bado liko hai na yeye hayupo: ama pampu za ufukwe huu zitaendelea kulala Jumatano na Ijumaa, ama ziwa letu la Dembel litanywewa mpaka libaki tope.

Bekure alizaliwa siku ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 12 Hidar mwaka 1941, katika kisiwa cha Tulu Gudo, humu ziwani. Baba yake alikuwa Dadi Gutema, mvuvi na mkulima wa matuta ya mlimani, na mama yake Desta Wolde. Alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza alikuwa dada yake Wubit, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na kutembea kwenyewe alichelewa kwa kuwa alipenda kubebwa. Siku hizo maji yaliramba ngazi za mawe chini ya kanisa, na watoto waliruka kutoka ngazi ya mwisho moja kwa moja mpaka kilindini. Wanaolima kabichi pale leo wasifikiri tunatia chumvi. Waulizeni wazee waliobaki.

Alisoma herufi na Zaburi kwa kasisi wa kisiwani, kisha mwaka 1950 akapelekwa mjini Meki kwa mjomba wake kusoma shule ya serikali, akafika darasa la sita. Kila mwisho wa juma alirudi nyumbani kwa mtumbwi wa mafunjo. Kama mjuavyo, mtumbwi wa namna hiyo hunywa maji siku hadi siku, na usipousimamisha juani ukauke, utakuzamisha polepole kwa heshima zote. Bekure hakuwa na subira ya kuukausha. Jumatatu moja aliingia darasani amelowa mpaka kifuani. Mwalimu akamwuliza, “Wewe, umevuka kwa mtumbwi au kwa kuogelea?” Akajibu, “Kwa vyote viwili, mwalimu. Tulianza na mtumbwi.” Alichapwa, na mwalimu aliyemchapa alikwenda kulisimulia jibu hilo kwa walimu wenzake huku akifuta machozi ya kicheko.

Alivua perege pamoja na baba yake mpaka serikali ilipowagawia wakulima ardhi. Mwaka 1968 alihamia huku bara, Burka Laman, yeye na vijana wengine wa kisiwani, wakapata mashamba jirani na wafugaji Waislamu wa Kiarsi waliokuwa wakinyweshea ng'ombe hapa tangu enzi za babu zao. Wageni na wenyeji hawakupendana siku ya kwanza, wala ya pili. Lakini mwaka uliofuata ulikuja ugonjwa, watu wakafa pande zote mbili, na hapo ndipo kilipoanzishwa chama hiki cha kuzikana, kimoja kwa Wakristo na Waislamu. Bekure alikuwa mmoja wa waanzilishi. Aliyepinga kanuni ngumu alikuwa mwingine; yeye ndiye aliyezitaka. Kwamba siku ya kumzika mwanachama kila mwenzake aache alichonacho aje, na asiyekuja bila kuugua atolewe, na aliyetolewa asichimbiwe kaburi na mtu, yeye wala wa nyumbani kwake. Haji Kediro Bati, aliyekuwa kijana naye wakati huo, alimwambia, “Bekure, unatutisha kwa kifo?” Akasema, “Kuna kingine mnachokiogopa?”

Tarehe 21 Tir mwaka 1970 alimwoa Askale Bonsa wa Meki katika kanisa la kisiwani, kwa kuwa mama yake aliapa hatavuka ziwa kwenda kuona harusi ya mwanawe mwenyewe. Basi waliovuka ni watu wa bibi harusi. Upepo wa mchana uliwakuta katikati, mawimbi yakaingia mtumbwini, na shangazi yake Askale alilia njia nzima akisema damu yake iko juu ya Bekure. Alipofika nchi kavu akamshika bwana harusi sikio mbele ya kasisi: “Umuoe vizuri, maana mimi sirudi nyuma!” Alikaa kisiwani wiki tatu kabla hajapata moyo wa kuvuka tena. Sehemu kubwa ya maji yaliyomliza mama yule leo ni nchi kavu. Askale na Bekure walijaliwa watoto watatu: Mulat, Lakech na Senait.

Mwaka 1989 Bekure na Haji Kediro walishirikiana kununua pampu ya kwanza ya dizeli ufukweni hapa. Hilo lisemwe wazi na lisifichwe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Watu walikuja kuitazama kama bibi harusi. Mwaka ule walivuna vitunguu mpaka magunia yakaisha. Mwaka wa pili kulikuwa na pampu kumi. Baadaye hakuna aliyejua idadi. Nyumba za mabati mnazoziona, watoto waliofika vyuoni, meno ya dhahabu ya baadhi ya waliomo humu, vyote ni vitunguu vya Dembel.

Kisha ziwa likaanza kuondoka. Mara ya kwanza watu waliongeza kipande cha mpira wa pampu. Mwaka uliofuata wakaongeza kingine. Mpira ulipokuwa haufiki tena wakachimba mfereji kuyaleta maji kwenye pampu, na kila kiangazi mfereji ulirefushwa na kuchimbwa chini zaidi, kama mtu anayemfuata mgeni aliyekwisha kuaga. Matete yakakauka, perege wakakosa pa kuzalia. Ng'ombe wa wafugaji, waliozoea kunywa wakiwa wamesimama kwenye mchanga, sasa walipita topeni, na wachungaji na wenye pampu wakaanza kushikiana fimbo.

Mwaka 2006 ofisi ya maji ilimleta mtaalamu, binti mmoja mpole aliyevaa viatu vya mpira. Aliwaeleza watu bila kuwadharau. Milima ya huko juu imekatwa miti ikageuzwa makaa, udongo unashuka na kujaza ziwa. Mito ya Meki na Katar inachepushwa mashambani kabla haijafika kwetu. Jua nalo linachukua fungu lake kila siku. Na ufukwe mzima unavuta, wadogo kwa wakubwa. Mtu mmoja akapendekeza tuzibe mdomo wa ziwa kule kusini, maji yasitoke kwenda mto Bulbula. Binti akasema, “Mkiziba, walioko chini watakufa kiu, na ninyi miaka michache tu mtakunywa chumvi. Mdomo ule ndio unaolisafisha ziwa.”

Bekure akauliza, “Sasa sisi tunaweza nini?”

“Jua hamliwezi, mzee. Mito iko mikononi mwa wengi, na tutazungumza nao. Lakini pampu ni zenu.”

Neno hilo lilimkaa. Jumatano ya wiki ile, Askale alipompa mkate wa injera na shiro isiyo na siagi, mchuzi wa kunde wa siku za mfungo, aliitazama sahani akasema, “Mimi nafunga Jumatano na Ijumaa tangu utotoni na sijafa. Kwa nini pampu isifunge?”

Akaenda kwa Haji Kediro. Haji alicheka mpaka akakohoa. “Ijumaa nakuelewa, ni siku yetu. Jumatano yanihusu nini? Ninyi mnajinyima nyama, mimi nijinyime maji?”

“Nyama kula. Pampu ilale.”

“Na nani atawalinda watu wasiwashe? Wewe? Ukimnyima Mkristo mwenzako utaonekana mkorofi, ukimnyima Mwislamu utaonekana adui.”

Ndipo wakabuni utaratibu tulio nao mpaka leo. Pampu zetu hazishiki moto bila hendeli, kile chuma cha kuzungushia. Jumanne jioni na Alhamisi jioni kila mwenye pampu alileta hendeli yake ilale katika nyumba isiyo yake. Hendeli za Wakristo zililala kwa Haji. Za Waislamu zililala kwa Bekure. Mkristo gani angemwendea Haji siku ya Jumatano kumwambia anataka kuvunja mfungo? Na Mwislamu gani angemwacha Mkristo amwone akikimbilia maji saa ya swala? Siku mbili hizo maji yalitulia mferejini yakapanda, na wafugaji wakazifanya siku zao za kunyweshea. Ziwa halikurudi, hatutadanganya. Lakini lilipunguza mwendo wa kuondoka, na fimbo zilirudi kuwa za kuchungia ng'ombe.

Ilikwenda vizuri mpaka mwaka 2008, mwaka ambao mvua ilisahau njia. Pasaka iliangukia 23 Miyazya, na ziwa lilikuwa chini kuliko lilivyopata kuonekana. Jumatano iliyofuata Pasaka, asubuhi, wenye pampu wa Kikristo walikwenda kwa Haji, mbele yao Mulat, mwana wa Bekure.

“Haji, Pasaka njema kwetu sote. Tunaomba hendeli zetu.”

“Leo Jumatano, wanangu.”

“Jumatano ya Hamsini, Haji. Tangu Pasaka mpaka zipite siku hamsini, kwetu hakuna mfungo, Jumatano wala Ijumaa. Muulize kasisi. Mimi nimekula kuku asubuhi hii.”

“Kuku?”

“Kuku na mayai yake.”

Haji aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wakisema kweli, kanisa halifungi katika siku hamsini. Yeye Mwislamu ni nani amwambie Mkristo lini afunge? Akasema, “Ya dini yenu siyajui. Chukueni.” Baadaye mwenyewe alikuwa akisimulia na kutikisa kichwa: “Nilileta adabu mahali palipotaka ukali.”

Bekure alikuwa mezani. Sauti ya pampu ya kwanza ilipopaa kutoka ufukweni, aliacha tonge hewani.

“Malizia kula, baba Mulat,” Askale akamwambia.

“Hiyo ni ya nani?”

“Nitajuaje? Zote zinalia namna moja.”

“Hiyo inayokohoa ni yetu.”

Alitoka bila shuka lake. Alipofika, pampu zilikuwa zikinguruma mstari mzima, na mfereji ulikuwa umekwisha kushuka mpaka sakafu. Upande wa pili wafugaji walikuwa wameleta ng'ombe kama ilivyo desturi ya Jumatano. Ng'ombe walinusa maji wakayafuata, wakaingia topeni. Wawili walikuwa wamezama mpaka tumboni, na mmoja ulimi ulikuwa nje. Vijana wa Kiislamu walikuwa wakiteremka kutoka kijijini, wengine na fimbo, wengine na majembe, na aliyetangulia alikuwa Tusuru, mpwa wa Haji.

“Gashe Bekure!” Tusuru alipaza sauti. Hata katika hasira alimwita kwa jina la heshima, na hilo tunalikumbuka. “Ninyi mmefunguliana, sisi mmetufungia! Hendeli zetu ziko nyumbani kwako. Tupe, la sivyo tunavunja mlango.”

Na walikuwa na haki, kila mmoja pale alijua. Bekure angewapa, mfungo ungekufa asubuhi ile, na ziwa lingenyonywa kutoka pande zote mpaka mvua. Angewanyima, damu ingemwagika kabla ya chakula cha mchana. Alimwendea mwanawe.

“Zima.”

“Baba, leo hakuna mfungo.”

“Nani kasema?”

“Kanisa.”

“Kanisa limekuruhusu wewe ule. Umekula Pasaka, umeshiba. Ziwa limekula nini?”

“Baba, vitunguu vimeanza kuvimba. Wiki mbili tu nivune! Nusu ya shamba ni lako!”

Bekure aliingia mferejini akaung'oa mpira majini kwa mikono yake. Pampu ilivuta hewa, ikapiga kelele kama mbuzi, ikazimika. Akaichukua hendeli iliyolazwa juu ya mashine, ingali ya moto, akavuka mfereji, akampa Tusuru.

“Hii ni ya mwanangu. Ikae kwako, na hizi nyingine zote nakuletea sasa hivi. Zenu zikae kwangu. Ukitaka bado kuvunja mlango, mke wangu yuko ndani, mwambie akufungulie, usiharibu mbao.”

Hakuna aliyecheka. Tusuru alikuwa ameshika chuma kile kwa shuka asiungue, hajui akitupe au akishike. Bekure akamwambia, “Unangoja nini? Ng'ombe anakufa.” Basi wale waliokuja kupigana wakaingia topeni pamoja na waliokuja kupigwa, wakapitisha ule mpira wa pampu chini ya tumbo la ng'ombe, wakavuta. Mmoja alitoka. Mwingine alikufa. Pampu moja moja zikazimwa, kwa kuwa nani angeendelea kuvuta huku baba amezima ya mwanawe?

Kesho yake wazee walikaa, nusu wa kanisani na nusu wa msikitini. Walikubaliana kwamba mfungo wa pampu haufuati kalenda ya kanisa wala ya msikiti, unafuata ziwa, na ziwa halina Pasaka. Kila pampu iliyonguruma siku ile ikahukumiwa kulala wiki mbili. Aliyeinua mkono wa kwanza alikuwa Bekure. Vitunguu vya Mulat vilikaukia ardhini, na vyake pia, kwa kuwa shamba lilikuwa moja. Zenebech, mke wa Mulat, alivichimba vikiwa kama vidole gumba, akavimwaga mbele ya mlango wa baba mkwe wake bila kusema neno.

Mulat ndiye aliyesema. “Umenimaliza kwa ajili ya ng'ombe wa watu.”

“Nimekuzuia usimalizwe pamoja nao.”

“Sawa, Baba. Na ile pampu ya shamba kubwa la maua hapo jirani? Ile ya umeme, inayovuta usiku na mchana, inafunga lini? Sisi wadogo tunajinyima ili mkubwa anywe!”

Mwezi uliofuata Mulat alikwenda kuomba kazi shambani kule, akapewa kazi katika nyumba ya pampu ile ile. Vijana wengine wanne wa kijiji wakamfuata.

Tangu mwezi wa Meskerem mwaka 2009, Bekure alianza kwenda kwenye lango la shamba la maua. Kila Jumatano alichukua kigoda chake akakaa mbele ya lango la shamba tangu asubuhi mpaka saa tisa, saa ya kufungua mfungo wake. Ijumaa Haji aliungana naye baada ya swala. Walinzi walimtania: “Mzee, unataka kazi yetu?” Akawaambia, “Ningeipata, ningekuwa nimelala kama ninyi.” Meneja, kijana wa Addis Ababa mwenye malezi mema, alitoka kila mara kumsalimu, na shamba lile, ni haki kusema, halikuvunja sheria. Lilikuwa na kibali chake.

“Baba,” meneja alimwambia, “maua hayafungi. Yakikosa maji siku moja yanainama.”

“Hata mimi nilizaliwa sijui kufunga. Mama yangu alinifundisha.”

“Kibali kinaturuhusu kila siku.”

“Kinawaruhusu. Hakiwalazimishi.”

Meneja alicheka, akaagiza aletewe kahawa. Bekure alikataa kahawa mpaka saa tisa. Kwa miaka saba mazungumzo yao hayakufika mbali zaidi ya hapo. Zamu ilipobadilishwa, Mulat alipita mbele ya baba yake, akainama, akasema, “Umeshindaje, Baba?” Naye akajibu, “Nimeshinda njema.” Wakaachana kama watu waliokutana sokoni.

Na hili lisemwe pia, kwa kuwa wahusika wamo humu na wanajijua. Kila mwaka hendeli zilizoletwa zilipungua. Mmoja alisema yake imepotea, mwingine ameiazimisha, mwingine amenunua pampu ya kubonyeza isiyotaka hendeli. Wote walikuwa na neno moja: mbona kubwa haifungi? Mwaka huu baadhi ya vijana walisema waziwazi, “Siku Gashe Bekure atakapozikwa, hendeli zetu zinarudi nyumbani.” Walisema karibu na mlango wake. Alikuwa kitandani, dirisha liko wazi.

Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo. Ulianza mwezi wa Tahsas mwaka jana, miguu ikavimba. Akamwambia dada yake Wubit, “Sasa najua maji ya Dembel yanakwenda wapi. Yamehamia miguuni mwangu.” Alipelekwa hospitali mjini Adama mara mbili, na madaktari walimhudumia vizuri. Walipomwambia apunguze maji ya kunywa alifurahi kama aliyeshinda kesi: “Mnaona? Hata mimi nimefungiwa pampu.” Bado aliagiza kigoda chake kipelekwe langoni kila Jumatano, na Haji, mwenye miaka yake themanini, alikikalia kwa niaba yake.

Wiki mbili zilizopita Mulat alikuja kumwona. Askale aliwaacha chumbani, lakini mlango wa nyumba ile hausitiri kitu.

“Pampu yako inakwendaje?” baba aliuliza.

“Inakwenda, Baba.”

“Jumatano?”

“Jumatano pia. Mimi ni mtu wa kubonyeza tu, Baba. Nikiizima naondolewa, na atakayekuja baada yangu ataiwasha.”

“Najua. Sikukulaumu kwa ile. Nilikulaumu kwa yetu.” Kisha akasema, “Njoo hapa, nifute pua. Baba yako ananuka dawa, lakini bado ni baba yako.”

Bekure Dadi alifariki jana, Jumanne tarehe 10 Megabit 2016, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, mkono wake mmoja ukiwa kwa Askale na mwingine kwa Wubit. Alikuwa na miaka sabini na mitano. Ilipofika jioni, saa ya kuleta hendeli, watu walikuja kulia. Wapo waliokuja na hendeli mkononi, hawajui wampe nani, wakamwekea Askale miguuni. Wapo waliokuja mikono mitupu. Hatutawataja.

Asubuhi ya leo, karatasi hii ikiwa imekwisha kuandikwa, jambo lingine lilitokea, nasi tumeliongeza kwa kalamu. Mulat na wenzake wanne wa nyumba ya pampu walimwendea meneja kumwomba ruhusa ya kuzika. Meneja akawapa pole, akasema, “Nendeni. Niachieni mmoja tu wa kuangalia mashine.”

Wakatazamana. Wa kwanza akasema, “Mimi ni mwanachama. Nisipokwenda, mama yangu hatachimbiwa kaburi.” Wa pili akasema vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Meneja akamgeukia Mulat, akakumbuka ni nani, akaona haya. Akauliza, “Hakuna kanuni ya kumwacha mmoja?”

“Hakuna,” Mulat akasema. “Aliyeiandika ndiye tunayekwenda kumzika.”

Meneja hakujua kuiendesha pampu, na haiachwi ikivuta bila mtu wa kuiangalia. Kwa hiyo tangu saa moja asubuhi ya leo, Jumatano, pampu kubwa imelala. Meneja mwenyewe yuko hapa, ameazima shuka jeupe, amekaa karibu na Haji Kediro. Hajatuahidi kitu, nasi hatumsingizii. Huenda jioni itawaka. Ijumaa ni keshokutwa, na itakuwa juu yake, na juu yenu ninyi mliosema hendeli zinarudi nyumbani leo. Ziko chumbani kwa Askale. Anayeitaka yake na aingie aiombe mwenyewe, machoni pa mjane.

Bekure ameacha mjane, Askale Bonsa, watoto watatu, Mulat na mkewe Zenebech, Lakech na Senait pamoja na waume zao, wajukuu saba, dada yake, Wubit Dadi, na Haji Kediro Bati, ambaye hakuzaliwa naye lakini anahesabiwa hapa kwa amri ya marehemu.

Kabla ya kuinua jeneza tunaomba wanaolia wanyamaze kidogo tu, na mama washike watoto, mgeuke wote upande wa ziwa msikilize. Hakuna pampu hata moja. Hayo ni maji, yakigonga matete yaliyobaki. Miaka saba alikaa juu ya kigoda akitaka kusikia hivyo.

Mwenyezi Mungu amlaze Bekure palipo na utulivu kama huu.